Samaki Waliokufa Wakisikiliza Hotuba

Prefe hakuweza kuomba chumvi mezani bila kwanza kumshukuru mwenye nyumba, mke wa mwenye nyumba, na majirani wote waliohusika kwa karibu au kwa mbali. Nimekula naye mara nyingi, na mara nyingi chakula kilipoa. Kwetu Kasongo prefe ni mkuu wa shule ya sekondari, nao wako wengi, lakini ukisema Prefe tu, bila kutaja shule, kila mtu sokoni alijua unamsema nani: yule mrefu wa koti la kijivu, ambaye hapiti mbele ya watu bila kusimama kunyoosha tai.

Mimi ni muuguzi. Nilimfahamu kwanza kwa sababu wanafunzi wake waliletwa kwenye zahanati yetu na homa zao, kisha kwa sababu ya samaki, ambao nitawaeleza. Sikumpenda. Nasema mapema ili anayesoma asikae akingoja nimsifu.

Neno lake kubwa lilikuwa ngazi. "Tuheshimu ngazi," alisema, na mkono wake ulipanda hewani kidogokidogo kuonyesha jinsi jambo linavyotoka kwa mdogo hadi kwa mkubwa bila kuruka mtu. Siku moja mwanafunzi alianguka darasani kwa kifafa. Kiongozi wa darasa alimwarifu mwalimu, mwalimu akamwarifu msimamizi wa nidhamu, msimamizi akabisha mlangoni kwa Prefe na kungoja aitwe, na Prefe ndipo akaagiza niitwe mimi, ambaye nilikuwa ng'ambo ya barabara nikianika nguo. Nilimkuta mtoto amejing'ata ulimi na damu imelowesha daftari. Prefe alisimama pembeni akanieleza kwamba utaratibu wote umefuatwa. Mtoto alipona, lakini mimi hasira ile sijapona hadi leo.

Ngazi hiyo aliibeba popote. Kuna wakati wavulana wa darasa la mwisho waliacha shule wakaenda Salamabila kuchimba dhahabu. Prefe alipanda pikipiki akawafuata. Hilo lingekuwa jambo jema kama angewashika masikio na kuwarudisha nyumbani. Yeye alifika machimboni, akaomba watu wote wapande kutoka mashimoni, akawasalimu wachimbaji kwa vyeo, kuanzia mwenye shimo hadi wabeba mchanga, akawahutubia juu ya mustakabali wa taifa. Walimkalisha juu ya dumu la mafuta lililopinduliwa, wakampigia makofi na vigelegele. Aliporudi alituambia kwamba amepokelewa kwa heshima kuu. Hakuna mvulana aliyerudi. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba walipiga makofi kwa sababu ilikuwa nafasi nzuri ya kupumzika.

Niseme na la upande wa pili, ingawa nalisema shingo upande. Kabla ya kuja Kasongo alifundisha Wamaza, na huko siku moja watu wenye silaha waliingia shuleni wakitaka wasichana. Walimu walikimbia kupitia madirishani. Yeye alisimama mlangoni na koti lake, akawakaribisha wale watu kwa niaba ya shule, akaanza kuwasalimu: komanda, naibu wa komanda, vijana mashujaa mliochoka na safari. Akaeleza historia ya shule. Akaeleza mipango ya shule. Akasema na kusema hadi jua likawa kali, wale watu wakachoka kusimama, wakachukua mbuzi wa shule, wakaenda zao. Wasichana walikuwa wamelala kifudifudi chini ya madawati muda wote. Mmoja wao ndiye aliyenisimulia, na yeye akimsikia mtu anamcheka Prefe huondoka. Nadhani siku ile ilimharibu Prefe. Aliona kwa macho yake kwamba hotuba ndefu inaokoa, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia vingine.

Sasa samaki. Katika Lualaba kuna mboto, samaki mpana wa magamba, mzuri kwa moshi na mzuri zaidi kwa mchuzi. Zamani mvua za kwanza zikinyesha mboto waliacha Lualaba, wakaingia mto Luama, wakapanda hadi juu kabisa upande wa Kabambare kutaga mayai. Nayajua haya kwa tumbo langu, kwa sababu nimezaliwa huko juu. Mama yangu bado anaishi ukingoni mwa Luama. Nilipokuwa mdogo msimu ule tulikula mboto hadi tukawachoka, na mama alikausha wengine kwa ajili ya kiangazi. Siku hizi anashuka mtoni na kikapu mvua zikianza, anasimama, anarudi na kikapu kile kile, anapika sombe, yaani majani ya muhogo, isiyo na kitu ndani.

Watu wa juu walisema sababu inajulikana: wavuvi wa mdomoni, pale Luama inapoingia Lualaba, wanatega nyavu kutoka ukingo hadi ukingo, na samaki hapiti. Watu wa mdomoni walijibu kwamba mboto wenyewe hawaitaki tena Luama kwa sababu ya tope la wachimba dhahabu, na kwamba hata nyavu zikitolewa hakuna atakayepanda. Maneno haya yalishapigiwa mapanga. Ndipo wakaja wataalamu wawili wa samaki kutoka mbali, watu wapole, wakasema samaki wenyewe wanaweza kuulizwa.

Njia yao ilikuwa hivi. Kidude cha kutoa mlio, chembamba kama kidole cha mtoto, kinaingizwa tumboni mwa samaki na jeraha linashonwa. Mlio huo sikio la mtu haliusikii. Lakini ndani ya mto unazamisha vyombo vya kusikilizia, mitungi myeusi iliyofungwa mnyororo kwenye mawe, ambayo sisi tuliiita masikio. Kila samaki ana mlio wake. Akipita karibu, sikio linaweka kumbukumbu kwamba fulani amepita, siku fulani, saa fulani. Tulizamisha sikio moja kwenye gati la Kasongo, jingine mdomoni mwa Luama, na mengine juu hadi karibu na kwa mama yangu. Kapita wa wavuvi, mzee anayewaongoza watu wa mdomoni, aliapa mbele ya pande zote mbili: nyavu zitaondolewa katikati ya mto wakati wa kupima, na masikio ya juu yakimsikia mboto hata mmoja, wavuvi wake wataacha njia wazi katikati ya mto kila msimu wa mvua. Mama yangu alinitumia ujumbe kwa mwendesha pikipiki kwamba ameanza kutengeneza kichanja kipya cha kukaushia.

Mimi niliitwa kushona, kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Prefe alipewa uongozi, kwa sababu shule yake ilikuwa na umeme wa jua na ofisi inayofungwa kwa ufunguo, na kwa sababu wataalamu walipofika ni yeye aliyewapokea vizuri kuliko wote. Alikuwa anaogopa maji. Mtumbwini hakuingia hata siku moja. Alituongoza kutoka ukingoni kwa kipaza sauti cha mkononi, hata kama aliyekuwa akiambiwa amesimama karibu yake kiasi cha kumshika bega. Wataalamu walituachia pia kifaa cha kuvaa masikioni kinachomwezesha mtu kuusikia ule mlio. Prefe aliwapanga watu kwa cheo wausikilize: wakuu wa serikali, wakuu wa dini, wakuu wa shule, wafanyabiashara. Wavuvi waliowakamata samaki waliwekwa mwisho, na zamu yao ilipofika betri ilikuwa imekwisha.

Wataalamu walisema jambo moja kwa msisitizo kabla ya kuondoka. Samaki alazwe kwa dawa ya usingizi, ashonwe pale pale alipokamatwa, azinduke ndani ya maji baridi, aachiwe upesi. Vidude vilikuwa vichache. Walimwambia Prefe, wakaniambia mimi, wakarudia.

Prefe alisikiliza akitikisa kichwa. Walipoondoka akatangaza sherehe.

Alisema kazi ya serikali na ya sayansi haiwezi kufanyika kichakani kama uchawi. Mboto wote waletwe Kasongo gatini, washonwe mapema, waachiliwe mbele ya wananchi. Nilimkumbusha maneno ya wataalamu. Akaniambia nimemsikia vibaya mtaalamu, na kwamba mimi ni mtu wa dawa, mambo ya protokole nimwachie yeye. Basi samaki wakaletwa wakiwa hai kwenye mapipa, nikawashona asubuhi chini ya mti, wazuri wote, wanene, wengine matumbo yamejaa mayai. Wakawekwa kwenye mabeseni ya plastiki mbele ya jukwaa, na sisi tukakaa tukimngoja mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alichelewa kama wageni rasmi wote. Alipofika jua lilikuwa limeyafikia mabeseni. Uliimbwa wimbo wa taifa. Imamu akaomba, padri akaomba, na mchungaji ambaye hakuwa kwenye programu naye akaomba ili asijisikie vibaya. Kwaya ya shule ikaimba wimbo kuhusu samaki. Ndipo Prefe akashika mikrofoni akaanza kutambulisha waliopo.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa penye mabeseni na ndoo, nikichota maji mapya. Maji ya ndani yalikuwa ya kuogeshea mtoto. Samaki walikuwa juujuu wakifungua midomo. Msimamizi wa nidhamu alikuja akaninong'oneza niache, nawarushia wakubwa maji kwenye viatu. Nikainuka nikapaza sauti.

"Prefe! Samaki zinakufa!"

Hakukasirika. Alitabasamu kwa watu wote, akasema kwenye mikrofoni: "Mama Muganga, pole kidogo. Tuko ku pointi ya tatu ya programu."

Watu walicheka. Niliwaendea wavulana wawili wenye nguvu nikawaambia tubebe mabeseni tumwage mtoni sasa hivi, hotuba ikae huko huko. Walinitazama, wakamtazama Prefe, wakabaki wamesimama. Beseni lenye maji na samaki halibebwi na mtu mmoja. Nililivuta moja peke yangu hadi ukingo wake wa plastiki ukapasuka, na yule msimamizi akanishika mkono kwa adabu akanikalisha kitini.

Pointi ya tano ilipofika samaki walikuwa wamelala ubavu. Prefe alivua koti, akakunja mikono ya shati, akashuka hadi ngazi ya mwisho ya gati, ambayo kwake lilikuwa tendo la ushujaa. Akaletewa mboto wa kwanza. Akamshika kwa mikono miwili juu, watu wamwone, akamshusha majini. Samaki akageuza tumbo juu. Mgeni rasmi akainamisha kichwa kuangalia.

"Iko nalala," Prefe akasema kwenye mikrofoni aliyoshikiwa. "Ni dawa ya usingizi ya Mama Muganga. Ataamka chini."

Akamsukuma kidogo kwa vidole, samaki akazama. Makofi yakalipuka. Wakaletwa wengine, mmoja mmoja, kila mmoja na jina la mkubwa mmoja aliyekuwepo, na wote walilala, na wote walizama pale pale chini ya gati, karibu na sikio letu la kwanza. Nilikaa kitini nikiwatazama wakishuka, na nililia kwa hasira, na watu walidhani nimeguswa na sherehe.

Baada ya mvua sikio la gatini lilipandishwa likaunganishwa na kompyuta ya shule. Lilikuwa limesikia mboto wote, kila siku, usiku na mchana, bila kukosa hata mmoja. Masikio ya mdomoni na ya juu hayakusikia chochote. Mtu yeyote angeelewa. Nilimwambia Prefe ofisini kwake, mlango umefungwa, nikimheshimu kuliko alivyostahili: "Prefe, ile ni vidude vinalia mu matope. Samaki ilikufa. Uliona na macho yako."

Akapanga karatasi zake. "Sayansi imesema mboto inabaki Kasongo," akanijibu. "Weye unataka sayansi iseme ya mama yako?"

Tulikuwa tumewatumia wataalamu matokeo, lakini hakungoja wajibu. Alikodi mikrofoni na jenereta, akachukua imamu na padri wale wale, akaenda mdomoni mwa Luama kutangaza matokeo. Mboto ni mkazi wa Kasongo, alisema, ameipenda Kasongo, hana haja ya kupanda. Kapita wa wavuvi alimkumbatia. Wiki ile nyavu zilirudi kutoka ukingo hadi ukingo, safari hii na baraka. Jibu la wataalamu lilifika baadaye, fupi: samaki asiyesogea ni maiti, mwambieni kila mtu, turudie. Lakini barabara zilikuwa hazipitiki kwa sababu ya usalama mdogo, vidude vilikuwa vimekwisha, na wataalamu hawakurudi. Kuhusu kumwambia kila mtu, Prefe alisema habari itapitishwa kwa ngazi. Mama yangu aliuza mbao za kichanja.

Nilimdharau tangu siku ile kwa dharau safi, isiyo na kelele. Nilimsalimu njiani. Alipougua shinikizo la damu nilimpima vizuri, nikamwandikia dawa, nikamwambia apunguze chumvi, na sikumwuliza habari za nyumbani. Alistaafu. Koti likabaki kubwa kuliko mabega. Kwenye misiba watu walianza kumwambia aseme kwa kifupi, kisha wakaacha kumpa nafasi ya kusema.

Mvua zilizopita nilikuwa safarini kwenda kwa mama, nyuma ya pikipiki, na tulipita mdomoni mwa Luama ili mwendeshaji aweke mafuta. Mbele ya nyumba ya kapita palikuwa na watu wameketi, na mbele yao amesimama Prefe. Hakuwa na koti. Alikuwa na shati, suruali iliyolowa hadi magotini na ndala. Alikuwa amekuja kwa mtumbwi, nikaambiwa, peke yake na mpiga kasia, akishika kingo mbili za mtumbwi njia nzima na macho yamefumbwa.

"Kapita," alikuwa akisema, "ile samaki ilikufa. Zote. Zilikufa mu beseni. Nilijua. Ya kwanza nilipoishika, nilijua. Nilikuwa naona haya ju ya wakubwa. Toeni nyavu, samaki ipande."

Kapita alimsikiliza kwa upole wa kumsikiliza mgonjwa. "Prefe, baba," akasema, "siku ile ulikuja na mikro. Imamu iko, padiri iko, watu wa leta, wa serikali, wako. Ulisema mboto haipande. Leo unakuja na ndala, peke yako, unasema inapanda. Sasa tuamini gani?"

"Amini hii."

"Hapana, baba. Umechoka. Ukae, ukule."

Ndipo aliponiona. Akaninyooshea mkono kama mtu anayezama. "Mama Muganga, weye ulizishona! Waambie!"

Niliwaambia. Niliwaambia yote, beseni, jua, maji, pointi ya tatu. Kapita akatikisa kichwa. "Weye mama yako iko kule juu," akasema. "Utasema nini ingine?" Watu wakacheka kwa urafiki, na nyuma yao niliziona nyavu, vyelezo vyake vimepangwa hadi ng'ambo.

Prefe alinifuata hadi kwenye pikipiki. Akaomba niende naye kwa mama. Alitaka amwambie mwenyewe, uso kwa uso. Nilimtazama nikafikiri: anatafuta watu wengine wa kumsikiliza. Nikamwambia pikipiki hii inabeba abiria mmoja tu.

Kwetu pikipiki inabeba watu wazima watatu na mbuzi, na yeye alijua hivyo. Mwendeshaji alijua pia, akafungua mdomo, nikamtazama akaufunga.

"Ndiyo, mama," Prefe akasema. Akasogea pembeni tupite. "Basi umuambie ni miye."

Mvua ilitukuta njiani, tukafika tumelowa. Mama alikuwa jikoni anatwanga sombe. Nilikaa karibu na moto nikamweleza: kwamba Prefe amekiri, kwamba samaki walikufa kwa ajili ya hotuba na alijua, kwamba amewaomba watu wa mdomoni watoe nyavu na wamekataa, kwamba mwaka huu tena hakuna kitu. Nikamwambia alitaka kuja kumwambia yeye mwenyewe nikamkatalia. Nilikuwa nangoja amtukane, kwa sababu mama yangu anajua kutukana, na nilikuwa na kiu ya kuyasikia matusi hayo kwa Kibangubangu.

Aliacha kutwanga. Akatazama mlangoni, mvua inavyopiga uwanja.

"Ule muzee," akasema, "ulimuacha wapi na mvua hii?"